Kutoka Mangi hadi Mheshimiwa Balozi

Kabla hujaota bendera kwenye gari, tuelewane kwanza juu ya cheo ulichonacho sasa. Kama una fremu Mbagala Kizuiani, au dirisha la nondo Tandale kwa Mtogole, unauza sembe kwa kilo, sukari kwa robo na mafuta ya kula kwa kipimo, basi wateja wanakuita Mangi. Hawakuulizi umetoka wapi. Unaweza kuwa Mkinga wa Makete au Mpemba wa Wete, utaitwa Mangi tu, kwa kuwa Dar es Salaam iliamua zamani kwamba kila mwenye duka la mtaani ni Mchaga hadi ithibitike vinginevyo.

Na Mangi, huko Kilimanjaro kwenyewe, ni mtawala. Mangi Rindi wa Moshi alituma wajumbe wake hadi Berlin kwa mfalme wa Wajerumani mwaka 1889. Umesoma vizuri: Mangi hatumwi, Mangi ndiye anayetuma. Kwa hiyo mwongozo huu, ukiufuata vizuri, utakushusha daraja. Lakini nawafahamu wafanyabiashara wetu. Mtu akishakuwa na fremu tatu na Canter moja, haoni usingizi mpaka jina lake litanguliwe na neno lingine.

Basi kaa kwenye kreti hilo la soda tuanze.

Amua kwanza unataka ubalozi upi, maana neno lenyewe limegawanywa kama pilau ya maulidi, kila aliyefika kapata sahani. Yupo balozi wa nchi, mwenye uzio Masaki na mlinzi anayekuuliza shida yako kabla ya salamu. Yupo balozi wa sabuni, yaani msanii anayelipwa kushika chupa na kutabasamu kwenye bango. Huyu tumwache, wewe uso wako unafaa kudai madeni. Yupo konseli wa heshima. Na yupo balozi wa nyumba kumi, ambaye kwa sasa humtaki hata kumsikia. Tutarudi kwake, au yeye atarudi kwako.

Wakazi wa Kinondoni wana faida ya kuzaliwa. Mtoto wa kule huchukua bajaji kutoka Biafra hadi Morocco bila viza, na akirudi jioni hajui kama amevuka bara. Biafra yenyewe, ile ya Nigeria, Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua, Aprili 1968, na ilipofika Januari 1970 ilikuwa imeshatoweka. Ya Kinondoni ipo mpaka leo, na mikutano ya hadhara inafanyika uwanjani kwake. Wenzangu wa Temeke msinung'unike. Balozi mzima wa nchi hupewa bendera moja. Sisi kituo chetu cha daladala kinaitwa Bendera Tatu, na ukienda mbele zaidi kwa barabara hiyohiyo ya Kilwa unafika Rangi Tatu. Vifaa tunavyo. Tunachokosa ni barua.

Sasa, watu watakukatisha tamaa kwa kusema kazi hiyo ni ya wasomi. Waambie wakasome historia. Wamarekani walipotaka mkataba na Seyyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, hawakumtuma profesa. Walimtuma Edmund Roberts, mfanyabiashara wa Portsmouth, New Hampshire, ambaye utajiri wake ulikuwa umeyeyuka pamoja na meli alizopoteza. Roberts alifika Unguja mwaka 1828 kutafuta riziki, akaona anacheleweshwa na kubanwa kwenye biashara, akaenda kumlalamikia Seyyid mwenyewe. Mpaka hapo hana tofauti na wewe unapokwenda kulalamikia makadirio ya kodi. Tofauti inaanzia aliporudi kwao, maana alikuwa na rafiki wa mji mmoja, Levi Woodbury, seneta. Mwaka 1831 rafiki huyo akawa Waziri wa Jeshi la Majini. Mwaka uliofuata Roberts akapanda manowari Peacock akiwa mjumbe wa siri wa Rais Andrew Jackson, ila kwenye daftari la meli kaandikwa karani wa nahodha, na mabaharia wakamchukulia hivyohivyo, kama karani. Tarehe 21 Septemba 1833, mjini Muscat, mkataba ukatiwa saini: Wamarekani watalipa ushuru wa asilimia 5 basi, na watafanya biashara bila kubanwa.

Vijana wa Temeke wana neno moja kwa elimu yote hiyo: koneksheni. Roberts alifilisika mali, hakufilisika watu. Ukiona duka linayumba, uza friji, uza mizani, lakini namba ya simu ya uliyesoma naye shule ya msingi na sasa ana kiyoyozi ofisini usiifute.

Aliyekuja kuvuna kutokana na mkataba huo ni mwingine, Richard Waters wa Salem, konseli wa kwanza wa Marekani Unguja, aliyetua mwaka 1837. Waters alikuwa konseli na mfanyabiashara kwa wakati mmoja, na sidhani kama yeye mwenyewe alijua saa ngapi moja linaisha na jingine linaanza. Akashikana mkono na Jairam Shivji, tajiri aliyekodishwa forodha ya Seyyid. Fikiria: huyu anapokea ushuru, yule anawakilisha taifa linalolipa ushuru, na wote wawili wanauziana pembe na sandarusi. Wafanyabiashara wengine wa Salem walilalamika sana kwamba konseli wao ndiye mshindani wao mkubwa. Yeye alirudi kwao ametajirika. Sisi alituachia nguo ambayo bibi zetu waliiita merikani, nyeupe isiyotiwa rangi, na mpaka leo hatujauliza neno hilo lililipiwa ushuru kiasi gani.

Usije ukadhani pwani hii ilikuwa ya kupokea wageni tu. Tarehe 30 Aprili 1840 jahazi la Seyyid, Sultana, lilitia nanga New York likiwa na mjumbe Ahmad bin Na'aman. Huyu ndiye umtundike picha juu ya kaunta, kwa sababu ubalozi wake ulikuwa barua moja na shehena tele: pembe za ndovu, karafuu, sandarusi, ngozi, tende, kahawa. Aliuza, akanunua, na katikati akawakilisha. Kwa Rais Martin Van Buren alipeleka zawadi, wakiwemo farasi wawili wa Kiarabu. Katiba ya kule haimruhusu Rais kupokea vitu kwa mtawala wa nje kirahisirahisi, Bunge likaingia katika jambo hilo, na mwisho farasi wakapigwa mnada kwa faida ya hazina. Farasi wawili wakashughulisha Bunge zima! Hapa kwetu wangekuwa wameshazaa shambani kwa mtu. Serikali ya Marekani, kwa kulipa fadhila, ikaichukua Sultana iliyochakaa na kuikarabati kwenye karakana ya jeshi la majini Brooklyn kwa gharama zake. Mjumbe akachorwa picha na mchoraji Edward Mooney, akapakia bidhaa, Agosti akaondoka. Mwenye Canter ananielewa. Umekwenda na mzigo na bahasha, umerudi na gari lililoshushwa injini bure.

Na kama unaona hayo ni ya kale, basi panda daladala mpaka Msasani, barabara ya Bagamoyo ya zamani, uuangalie ubalozi wa Marekani kutoka ng'ambo ya barabara (usisimame muda mrefu, na usipige picha). Kati ya 2005 na 2007 mwenye nyumba pale alikuwa Michael Retzer, mfanyabiashara wa Mississippi aliyekuwa akimiliki migahawa ya McDonald's na aliyepata kuwa mweka hazina wa Kamati ya Taifa ya chama cha Republican. Kabla yake alikuwepo Robert Royall, mtu wa benki kutoka South Carolina. Kwao ni desturi ya miaka mingi, kwa vyama vyote viwili, kwamba baadhi ya waliosaidia kampeni hukumbukwa kwa ubalozi. Mimi sina ugomvi nayo. Nachosema ni kwamba mtu alitoka kwenye chipsi akaja kuwakilisha dola kubwa katika jiji ambalo chipsi mayai ndiyo chakula chake cha jioni, akaondoka bila kutufungulia hata mgahawa mmoja. Sisi tungemletea tomato sosi.

Wako pia wa kwetu, na hapa nitaongea kwa adabu kidogo, kwa sababu si kila mfano umeletwa ili ucheke. Juma Mwapachu aliongoza Shirikisho la Viwanda Tanzania, mwaka 2002 akaenda kuwa balozi Ufaransa, na kuanzia 2006 hadi 2011 alikuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ila ukichunguza utakuta alikuwa amesoma sheria na alishapita kwenye utumishi wa kidiplomasia kabla ya kukaa kwenye meza za makampuni. Jambo hilo linaharibu kidogo mwongozo wangu, kwa hiyo tulipite haraka.

Mlango wenyewe ulifunguliwa rasmi mwaka 2001, ilipotoka Sera Mpya ya Mambo ya Nje yenye maneno matamu: diplomasia ya uchumi. Tangu hapo balozi hatakiwi tu kuhudhuria tafrija na kusema uhusiano wetu ni wa kindugu. Anatakiwa alete mwekezaji, atafute soko la korosho, avute watalii. Sasa niambie, kati ya aliyeandika tasnifu kuhusu mizani ya biashara na wewe mwenye mizani juu ya kaunta, nani anaijua mizani?

Maana diplomasia unaijua, ila hujui kwamba unaijua. "Mzigo uko njiani" ni tamko la kidiplomasia. "Chenji sina, chukua pipi" ni makubaliano ya nchi mbili yaliyotiwa saini na upande mmoja. Lile daftari lako la madeni lenye jalada lililolowa mafuta ni Klabu ya Paris, ile ya nchi zinazodai wenzao, tawi la Mbagala: mama wa nyumba ya pili anaomba aahirishiwe, fundi cherehani anaomba apunguziwe, na yupo mmoja ambaye kila mwisho wa mwezi anataka kufutiwa deni lote kwa hoja kwamba hata Tanzania ilisamehewa madeni yake mwaka 2001. Unampa robo ya maharage ili aondoke. Hiyo inaitwa misaada.

Kinachobaki ni kuonekana. Kila Julai, Maonyesho ya Sabasaba yanakuja yenyewe hadi barabara ya Kilwa, Temeke, mlangoni kwako. Nchi za nje zina mabanda yao. Usiingie kununua sufuria. Vaa suti, Tandika sokoni zipo za mtumba daraja la kwanza, ila mwambie fundi aondoe ile lebo ya mkononi. Simama mbele ya kila banda la kigeni, piga picha ukiwa umekunja uso kama mtu anayefikiria mizania ya mataifa, chukua kadi za biashara, toa zako. Ukiwa huna, toa risiti ya EFD. Ina jina, ina namba, na inaonyesha kuwa unalipa kodi, jambo ambalo wanadiplomasia wengi hawajawahi kukutana nalo ana kwa ana.

Halafu nenda Kurasini. Watu wa Temeke wanapita pale kila siku wakiwaza foleni ya malori ya bandari, hawajui kwamba hapo ndipo kilipo Chuo cha Diplomasia, kilichoanzishwa mwaka 1978 na Tanzania pamoja na Msumbiji, na sasa kinabeba jina la Dk. Salim Ahmed Salim. Yeye alipelekwa Misri kuwa balozi mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22. Wewe ukiwa na miaka 22 ulikuwa unasukuma mkokoteni Kariakoo na ulikuwa hujui kuusimamisha. Usikate tamaa. Jiandikishe kozi fupi, jifunze nani anakaa kulia kwa nani, na jifunze kuanza hotuba kwa "itifaki imezingatiwa" hata kama uko peke yako bafuni.

Baada ya hapo ni kusubiri mkeka. Balozi huteuliwa na Rais, na majina hutoka kwa taarifa, mara nyingi usiku, wakati mtu mwenye akili timamu amelala. Wewe usilale. Wapo watakaokushauri uwe chawa wakati ukisubiri, yaani umsifu kila mkubwa kwa kila jambo, pamoja na mvua. Mimi naogopa kukushauri hivyo kwa sababu mtaa mzima tayari una chawa na ushindani ni mkali. Kumbuka pia kwamba mkeka unaotandikwa usiku hukunjwa asubuhi, na neno lake ni utenguzi. Faida moja ni kwamba hapa kwetu hata ukitenguliwa utaendelea kuitwa Balozi mpaka kaburini. Hakuna bidhaa dukani kwako yenye muda mrefu hivyo kabla ya kuharibika.

Siku jina likitoka, ndipo utakapofungua Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, na ndipo utakapolia. Utaupenda mwanzo. Nyumba yako haiingiwi bila ridhaa yako. Hukamatwi. Bidhaa zako za matumizi zinaingia bila ushuru wa forodha, na hapo utalazimika kukaa chini kidogo, unywe maji. Mfuko wako wa kidiplomasia haufunguliwi na mtu yeyote. Rambo zetu zilipigwa marufuku Juni 2019, mfuko huo haukuguswa. Kisha unafika kifungu cha 42: mwanadiplomasia hatafanya biashara kwa faida yake binafsi katika nchi iliyompokea. Soma tena. Umepewa msamaha wa ushuru na umekatazwa kuuza! Ni kama kumpa mtu shoka na kumwambia usiguse kuni. Na ukijifanya mjanja, kifungu cha 31 kinakusubiri, kwa maana kesi ya biashara yako binafsi haimo ndani ya kinga.

Waters alifariki kabla ya kuusoma mkataba huu. Mtu mwenye bahati.

Duka la Mbagala itabidi umwachie shemeji. Sina la kuongeza hapo. Wewe unamjua shemeji yako.

Ikiwa kifungu hicho kimekuchoma moyo, iko njia ya kando, ukonseli wa heshima. Huu hauna mshahara wa maana, kinga yake ni ya shughuli za kikonseli tu, lakini biashara yako unaendelea nayo, na mlangoni unatundika ngao ya nchi fulani. Katika miji mingi duniani, makonseli wa aina hii ni wafanyabiashara. Tatizo ni kwamba nchi husika hutaka ofisi inayofikika, na ngao ya taifa lenye simba wawili na taji haikai vizuri kati ya tangazo la wakala wa pesa na kibao cha "Mkopo kesho".

Basi miaka imepita, mikeka kumi imetandikwa, jina lako halipo, suti imeliwa na nondo. Jumapili moja wanakuja wazee watatu wa mtaa. Wanakaa kwenye benchi, wanakataa soda, na ukiona mzee wa Mbagala amekataa soda ujue jambo ni zito. Wanakwambia: mjumbe wetu amehamia Chamazi, sisi tumekaa tukaona wewe unafaa, hukai mbali na una daftari.

Hivyo ndivyo unavyokuwa balozi. Wa nyumba kumi.

Mfumo huo uliletwa na TANU miaka ya 1960, na baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992 ukabaki kuwa mali ya chama, si ya dola. Barua rasmi zinatoka serikali ya mtaa kwa mwenyekiti na mtendaji. Hayo ni kwenye karatasi. Mtaani mtu akishtuka usiku anakwenda kwa mjumbe. Na nyumba kumi za Mbagala si nyumba kumi. Kila moja ina vyumba nane, kila chumba kina familia, na uani kuna kibanda kinachopangishwa. Umepewa taifa dogo lenye bomba moja.

Angalia sasa ulivyopanda cheo. Balozi wa Masaki hupeleka hati za utambulisho Ikulu mara moja, anapigwa picha, basi. Wewe utambulisho unauthibitisha kila siku: wa anayefungua akaunti, wa anayemwekea dhamana mtoto wa dada yake, wa anayedai amekaa hapa miaka sita wakati unajua ni miezi minne, kwa sababu daftari lako lina tarehe ya sembe yake ya kwanza. Yeye hushughulikia mipaka ya mataifa iliyochorwa kwenye ramani. Wewe unashughulikia mpaka uliochorwa kwa mche wa mnyaa ambao mmoja kaung'oa usiku. Mvua za masika zikianza, mwenye nyumba ya tano anatapisha choo kwenye mtaro na taka zote zinaingia nyumba ya sita, na hakuna azimio la Umoja wa Mataifa linalosema nani alianza. Kigodoro kikipigwa mpaka alfajiri, wewe ndiye unayekwenda kuongea na vijana, umevaa kikoi, ukitumia lugha ya kidiplomasia mpaka waongeze sauti.

Kinga huna. Wanasema mjumbe hauawi, ni kweli, lakini hakuna methali inayokataza kumwamsha saa nane usiku. Tena kila unayemhukumu anadaiwa na wewe. Ukimpa haki jirani yake, anahamia duka la ng'ambo na deni anakuachia. Ukimpa haki yeye, jirani naye anahama. Kwenye Mkataba wa Vienna nchi humtangaza balozi kuwa mtu asiyetakiwa. Hapa wanalitangaza duka.

Na saa nane hiyo itafika. Utasikia geti, "Balozi! Balozi!", na kwa nusu dakika, gizani, utadhani mkeka umetoka na gari limekuja kukuchukua. Utashika simu kwanza, haina kitu. Nje ni mtoto wa nyumba ya saba. Wapangaji wanashikana mashati kwa sababu ya LUKU: watano wamechanga, mmoja ana friji anagandisha barafu za kuuza, umeme umekwisha siku ya tatu, na mwenye friji anasema yeye alichangia sawa na wengine. Unakwenda. Unakaa kwenye ndoo. Unamsikiliza kila mmoja peke yake, kisha wote pamoja, kisha peke yake tena. Mpaka saa kumi kasoro wamekubaliana: mwenye friji alipe mbili, wengine moja moja, na barafu isiuzwe usiku. Hakuna aliyetia saini. Hakuna mpiga picha.

Unaporudi, mwenye friji anakufuata nyuma polepole, ameinamisha kichwa, mpaka dirishani.

"Mangi," anasema, "basi nipe umeme wa elfu mbili tuwashe, utaniandikia."

Unafungua dirisha, unatafuta kalamu.